Adhana Ikinyamaza, Mkono Hurudi Mfukoni

Mwaka 2015 mtafiti Erik Duhaime alichapisha jaribio alilowafanyia wenye maduka 69 wa mji mkongwe wa Marrakesh, Moroko. Kila mmoja alipewa achague: achukue dirhamu 20 na sadaka isipate kitu, achukue 10, sadaka ipate 30, au asichukue chochote, sadaka ipate 60. Walioulizwa adhana ikisikika walichagua 60 wote. Nyakati nyingine, waliochagua hivyo walikuwa karibu 6 kati ya 10. Adhana ikiisha, athari yake ilififia upesi.

Jaribio ni dogo, tena pesa ya kupewa haina uchungu wa pesa ya jasho. Hata hivyo naliamini kwa hili: mtu wa kabla ya adhana na wa baada yake ni yuleyule, ila amekumbushwa. Kamati nyingi za misikiti na makanisa hulisahau jambo hilo, kisha hulaumu waumini kuwa wachoyo.

Tazama mchango wa bati. Tangazo likitolewa baada ya salamu ya kumaliza swala, nusu ya watu wako mlangoni wanatafuta viatu. Litolewe watu wangali wameketi, itajwe idadi ya bati zinazopungua na bei ya moja, na namba ya kutuma pesa kwa simu isomwe polepole mara mbili. Anayesema “nitaleta kesho” aandikwe jina, kiasi na tarehe papo hapo. Ahadi za harambee hufa njiani kwa sababu zilitolewa katika joto la mkusanyiko, na nyumbani mtu anakutana na karo na kodi. Makanisa yanayogawa bahasha zenye namba yamelielewa hili zamani.

Kwangu mimi, kipimo na tarehe vina nguvu kuliko sauti. Zaka ya fitri, sadaka ya lazima ya mwisho wa Ramadhani, ni pishi moja kwa kila kichwa, takriban kilo 2.5 za mchele, nayo hutakiwa itolewe kabla ya swala ya Idi. Hakuna anayengoja moyo umlainike. Kinachoharibika ni ugawaji: mchele ukifika usiku wa kuamkia Idi, mjane wa mtaa wa pili anaupata sherehe imekwisha. Madhehebu ya Shafi yanaruhusu kuitoa tangu Ramadhani inapoanza, kwa hiyo kamati ina mwezi mzima wa kuandikisha kaya, kupima na kufunga mifuko.