Mtoto wa dada wa kazi analelewa na nani?

Juzi usiku niliamka kunywa maji nikampata dada wetu wa kazi jikoni gizani, simu sikioni, anaongea Kibukusu polepole. Alikuwa anambembeleza mtoto wake alale. Mtoto yuko Bungoma kwa nyanyake, ana miaka mitatu, na huyu mama yake ndiye alikuwa amemlaza wangu saa mbili. Nikarudi kitandani bila kunywa hayo maji.

Sasa wacha niseme ukweli. Mume wangu, mzee Baba Kevo, aliachishwa kazi hapa Nakuru 2023, mwaka ule kodi ya VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikaenda 16 na makato ya mshahara ya asilimia 1.5 ya kujenga nyumba za bei nafuu yakaanza, nauli juu, unga juu, na ghafla ni mshahara wangu wa dukani unalisha watu sita. Nikajiambia angalau sasa yuko nyumbani atashika sufuria. Wee! Kwa haki alijaribu, maji anateka, mtoto anapeleka shule, lakini akisikia mlango unabishwa anaacha mwiko ndani ya ugali anakimbia kuketi sebuleni kama mgeni. Tumekula ugali wa kuungua mara mbili kwa sababu ya hodi.

Halafu mama mkwe akapata kiharusi. Kumgeuza, kumwosha, kumbadilisha, mzee akasema hiyo mwanaume hawezi. Ndio tukatafuta dada.

Utafiti wa serikali wa 2021 kuhusu vile watu hutumia muda ulionyesha wanawake Kenya wanafanya kazi za nyumbani zisizolipwa karibu mara tano ya wanaume, na mimi nilikuwa wa kwanza kupigia watu kelele na hiyo namba. Lakini nilipopata shifti ndefu zile saa zangu hazikwenda kwa mzee, zilienda kwa msichana wa Bungoma, na zake zikaenda kwa mamake. Huyo nyanya naye mgongo ukimuuma hana wa kumwachia.

Na msiniletee habari ya sheria. Ya mali ya ndoa ya 2013 inatambua kulea watoto na kazi ya nyumbani kama mchango, sawa, lakini hiyo inakusaidia siku mnagawana vitu. Ile ya ajira inampa mama likizo ya miezi mitatu na mshahara kamili. Dada alipopata mimba mwajiri wake wa zamani alimfukuza bila hata nauli. Mimi nilisikia hiyo hadithi nikasikitika kabisa, alafu mwezi uliopita nikamchelewesha mshahara siku tisa, na mimi nikicheleweshwa siku mbili kazini chama chote kinajua.

Basi jana nikamwambia, Baba Kevo, kuanzia Jumapili dada ana ofu, mama utamwosha wewe. Akaanza, ati aibu, ati mama mwenyewe hatakubali. Mama akajibu kutoka chumbani, na ile sauti yake ya kuvutavuta tangu augue:

"Kwani wewe ulioshwa na nani?"

Baadaye ndio nikakumbuka Jumapili moja haitoshi kufika Bungoma na kurudi. Tumekubaliana siku nne kila mwisho wa mwezi, nauli juu yetu. Za kwanza zinaanza Ijumaa, na mzee tayari ameuliza glavu zinauzwa wapi.