Boda wa sinia wani

Jina langu la utani shuleni lilikuwa Boda, na wala sikulipata kwa kuendesha pikipiki. Nilipoingia sinia wani, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, tulipewa fomu ya kujaza: utalala shuleni au utakuwa unatoka nyumbani? Nikaandika kwa herufi safi kabisa kwamba mimi ni "border". Mhasibu wa shule akaisoma kwa sauti, foleni nzima ya wazazi ikisikia. "Kijana, kumbe wewe ni mpaka? Mpaka wa Busia au wa Malaba?" Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, ingawa Kiingereza hakijui. Alicheka asibaki peke yake.

Leo naona kosa langu lilikuwa na akili ndani yake. Mimi ni mtoto wa Busia. Boda niliijua kabla sijajua kusoma, maana ndiyo iliyozaa boda boda, zile baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Uganda na Kenya. Neno lenyewe Waingereza walilipata kwa Wafaransa, kwa maana ya ukingo. Lakini "boarder", mwanafunzi wa bweni, neno nililopaswa kuandika, ni habari ya ubao. Ubao ukawa meza, meza ikawa chakula kinachowekwa juu yake, na anayelipia chakula na kitanda akapewa jina hilo. Hata bodi ya shule, wale waheshimiwa wanaokuja mara moja kwa muhula na kunywa soda, inatoka kwenye meza hiyohiyo. Mhasibu angenieleza hayo kwa dakika mbili, nisingekosea tena maishani. Lakini kucheka ni rahisi zaidi.

Walimu wetu wanapenda kusema "kariri tu". Mimi sikubaliani nao. Chukua peni na penseli, vinavyolala pamoja katika kila mkebe wa mwanafunzi. Nani asingeapa kwamba ni ndugu? Peni ni unyoya kwa Kilatini, kwa kuwa watu waliandika kwa manyoya ya ndege. Penseli ni brashi ndogo, na brashi hiyo ilipewa jina la mkia mdogo. Ndugu halisi wa penseli ni penisilini: kuvu aliyoichunguza Alexander Fleming mwaka 1928 ilikuwa tayari ikiitwa Penicillium, kwa sababu ukiitazama kwa hadubini inafanana na brashi. Mtoto akisikia hilo, atalisahau vipi?

Na wenye lugha wenyewe walidanganyika. "Island", yaani kisiwa, zamani haikuwa na s. Ni neno lao la asili kabisa, ila wasomi waliliona limefanana na "isle", lenye asili ya Kilatini, wakadhani ni ukoo mmoja, wakalibandika s ambayo hakuna aliyewahi kuitamka. Sisi nasi tulimpokea Mwarabu na kitabu chake, tukaona ki- mbele, tukasema vitabu. Hakuna aliyetuchapa.

Juzi binti yangu, yuko darasa la nne, alikuwa akiandika kuhusu visiwa vya Ssese. Nikamsimulia kisa cha ile s. Akanyamaza kidogo, akachukua raba, akaanza kuzifuta zote, moja moja. Nikamwambia azirudishe. Anayesahihisha mtihani wa darasa la saba hatakuwepo hapa kusikiliza hadithi zangu.