Matoke Ndani ya Matokeo

Maabara yetu, nje kidogo ya Kampala, ina stoo isiyo na dirisha, upana wa hatua tatu kwa tatu. Humo hukaa mitungi ya kupimia gesi, vizibo vya mpira, mabomba ya sindano, na bati la kabaidi ambalo kifuniko chake kilipinda siku nyingi. Kila mtu alijua kimepinda, maana yake hakuna aliyekishughulikia.

Kazi ya wiki ile ilikuwa soya. Kwenye mizizi ya soya kuna vinundu, na ndani yake wamepanga bakteria wa Bradyrhizobium: mmea unawalisha sukari, wao wanalipa kodi kwa naitrojeni waliyoitoa hewani. Ukipasua kinundu kwa wembe ukakuta wekundu ndani, mpangaji yupo kazini. Ukikuta kijani au kijivu, usimdai kitu.

Wembe hata hivyo hausemi kazi inafanyika kiasi gani. Kwa hilo kuna ujanja wa tangu miaka ya 1960. Atomi mbili za naitrojeni ya hewani zimeshikana kwa vifungo vitatu, na atomi mbili za kaboni kwenye asetilini zimeshikana hivyo hivyo. Kimeng'enya cha bakteria, naitrojenesi, hakijui kutofautisha. Ukikipa asetilini, kinaipokea bila maswali na kuigeuza ethilini, ambayo mashine ya kromatografia, inayotenganisha gesi na kuchora kila moja kama kilele, inaisoma vizuri sana. Molekuli tatu za ethilini huhesabiwa sawa na moja ya naitrojeni. Wengine hugawa kwa nne, kwa sababu kimeng'enya kikishughulika na naitrojeni hupoteza sehemu ya nguvu kwa kutengeneza haidrojeni.

Sasa, ethilini hiyo hiyo ndiyo inayoivisha ndizi. Asetilini nayo huivisha, ila itakiwe nyingi zaidi. Sisi wa maabara tulilijua hilo. Dereva wetu hakuwahi kuambiwa, na sidhani kama kuna karatasi yoyote ya kuajiri madereva inayoligusia.

Dereva ni mtu wa Koboko aliyeoa Masaka, na Jumamosi ile binti wa shemeji yake alikuwa na kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Yeye kajitolea mikungu sita ya matoke, ndizi mbichi za kupika. Jumanne jioni akaileta kwa pikapu katikati ya mvua, akaiona stoo, akaona ina kivuli na kufuli, akaipanga humo. Mitano juu ya rafu, ikichuruzika maji. Wa sita, mkubwa kuliko yote, akauketisha juu ya bati la kabaidi. Akafunga, akaondoka na ufunguo.

Anayeijua kabaidi ameshacheka. Kabaidi ikikutana na maji hutoa asetilini na kuacha chokaa nyeupe. Gramu moja ya ile ya madukani hutoa karibu theluthi moja ya lita. Sisi huidondoshea maji kidogo kidogo ndani ya chupa, gesi tukaipitisha kwenye mmumunyo wa salfeti ya shaba ili kupunguza uchafu, kisha tukaikusanya. Mkungu wa sita ulikuwa unafanya kazi hiyo hiyo bila usimamizi, tone kwa tone, usiku kucha.

Wa kwanza kushtuka alikuwa askari wa zamu, mstaafu wa jeshi tunayemwita Afande. Jumatano alfajiri akaandika kitabuni: "Stoo kuna mtu anakaanga vitunguu saumu. Nimegonga, amekataa kufungua." Asetilini safi haina harufu hiyo. Ni fosfini, uchafu wa kabaidi, na pua ya Afande ilikuwa imeipima vizuri kuliko chombo chochote tulicho nacho. Kitabu cha zamu husomwa mwisho wa mwezi.

Ijumaa asubuhi dereva akaleta ufunguo, akaufungua mlango mwenyewe, akatangulia kuwatazama wageni wake. Sisi tukachukua mitungi, tukaifunga vizibo palepale mlangoni kama kawaida ya siku za upepo, tukaenda kazini. Mtungi wa mililita 500: unaweka mzizi, unafunga, unavuta mililita 50 za hewa, unadunga mililita 50 za asetilini. Baada ya nusu saa unachukua mililita 1 unaipeleka kwenye mashine, na baada ya saa nzima tena. Mzizi usikae sana baada ya kukatwa, maana kazi ya kinundu hushuka upesi.

Soya yenye vinundu ikatoa kilele kizuri cha ethilini. Safi. Soya iliyopandwa kwenye mchanga uliochemshwa, isiyopewa bakteria, isiyo na hata kinundu kimoja, nayo ikatoa kilele. Kidogo, lakini kipo. Mtafiti wetu mkuu akavua miwani.

"Asetilini yetu ina ethilini ndani yake," akasema. Si jambo la ajabu; ndiyo sababu huwekwa mtungi wenye asetilini bila mzizi. Tukapima mtungi wenye mzizi bila asetilini. Kilele. Mizizi nayo hutoa ethilini yake kidogo, tukajifariji. Basi tukapima mtungi mtupu kabisa, usio na mzizi wala gesi, hewa tu.

Ukatoa ethilini. Na nyuma yake, kwa adabu, kikaja kilele cha asetilini ambayo hakuna aliyeidunga.

"Hewa ya Uganda imeanza kutengeneza naitrojeni yenyewe," akasema mwanafunzi mmoja, akaamriwa kunyamaza.

Hapo ndipo tukasikia yowe kutoka stoo. Tulikimbia tukidhani moto, na moto usingekuwa mzaha: asetilini ikifika asilimia 2.5 ya hewa, cheche ya swichi inatosha. Tulimkuta dereva amesimama mikono kichwani. Mikungu ilikuwa ya njano. Ule wa sita ulikuwa wa njano na nyeupe, umepakwa chokaa mpaka nusu. Na ndizi ikishaanza kuiva hutoa ethilini yake, ikaivisha jirani yake, na jirani ikaongeza yake. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa kimejaa asetilini yetu na ethilini yao, na mitungi yetu ilivuta zote mbili mlangoni.

Dereva akapiga picha, akamtumia Ssenga, yaani shangazi, wa bibi harusi. Sauti ikarudi kwa WhatsApp, na spika ya simu ilikuwa juu kabisa: "Nilikuomba matoke ya kupika, wewe umeniletea bogoya za kula mbivu?"

"Ssenga, ni bakteria."

"Hao bakteria ndio wanaooa?"

Tulimkataza kuigusa hata ile mitano. Kabaidi ya viwandani huweza kuwa na fosfini na aseniki, ndiyo maana kuivishia vyakula hairuhusiwi nchi nyingi. Afande alipolisikia hilo akanyamaza ghafla, akaenda kusukutua kinywa. Dereva akanunua mikungu mingine soko la Kalerwe kwa bei ya Ijumaa jioni, na kwenye kwanjula wakatozwa faini ya kuchelewa juu yake.

Data ya Ijumaa tuliitupa. Kabaidi ikahamia kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, stoo ikatobolewa matundu ya hewa juu na chini, na Jumatatu mtungi mtupu ukatoa mstari ulionyooka kabisa. Tulikuwa bado tunaushangilia Afande alipochungulia mlangoni.

"Daktari, kuna akina mama wawili getini na bogoya mbichi. Wanauliza mnatoza shilingi ngapi kwa mkungu."