Kabla ya kumrudisha mtu kwao, asikilizwe

Ule mpango wa Uingereza wa kuwapakia waomba hifadhi kwenye ndege kwenda Rwanda ulivyofutwa 2024 baada ya Keir Starmer kuingia kama Waziri Mkuu, huku Dar nilisikia watu wakisema afadhali, wazungu wameumbuka. Sawa, ila mi nakumbuka Desemba 1996. Serikali yetu ilitangaza wakimbizi wote wa Rwanda waliokuwa Ngara na Karagwe wawe wameondoka ifikapo tarehe 31, karibu watu nusu milioni wakavushwa mpaka pale Rusumo, na waliojaribu kukimbilia upande mwingine jeshi likawarudisha.

Tusiwe wepesi wa kulaumu lakini. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu kama laki mbili na nusu walivuka pale kuja kwetu ndani ya siku moja tu, hebu fikiria wewe ni mkulima wa Ngara, kuni zimeisha, maji hayatoshi, mihogo yako imeng'olewa na usiyemjua, halafu kambini humohumo wamo waliochinja wenzao na ndio wanaotoa amri. Mtu wa kule akisema waende kwao simwiti katili, sisi wa Dar mzigo ule hatukuubeba.

Kosa naliona hapa, hakuna aliyekaa na mtu mmoja mmoja akamuuliza wewe ukirudi yatakukuta yapi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao tulijiunga nao 1964, hauzuii nchi kumwondoa asiye na sababu ya kukimbia, unazuia kumrudisha mtu kwenye hatari, sasa hiyo hatari utaijuaje hujamsikiliza? Hata Mahakama ya Juu ya Uingereza Novemba 2023 ilikataa ule mpango kwa hilohilo, kwamba kule Rwanda maombi ya hao waomba hifadhi yasingesikilizwa sawasawa na wangeweza kuishia kurudishwa walikotoka.

Na waandishi wetu nao jamani. Waethiopia wakikamatwa njiani kwenda Afrika Kusini picha ni ileile, vijana wamekalishwa chini kwa mistari, wengine wameinamisha vichwa, polisi kasimama pembeni, tunapewa idadi na aina ya lori basi habari imeisha. Inawezekana wengi wanafuata kazi tu na kuwarudisha ni halali kabisa, ila kama kuna mmoja anayekimbia jela au risasi, kwenye picha ile utamjuaje?

Warundi wa kambi za Nyarugusu na Nduta, kule Kigoma, nao wameambiwa miaka kadhaa sasa kwamba kwao kumetulia, na wapo waliorudi kwa hiari kweli. Mi nataka gazeti liniambie yule aliyekataa kurudi alijieleza kwa nani, na alijibiwa nini.