Hiyo "licha ya upofu" iacheni

Juzi nimetumiwa ujumbe kuhusu Ralph Teetor, yule mhandisi wa Indiana, Marekani, aliyebuni kifaa cha kushikilia mwendo wa gari. Ujumbe mzima ni "ajabu", "muujiza", "licha ya upofu wake". Nimeusoma hadi mwisho nikitafuta japo sentensi moja kuhusu ufundi wenyewe. Hamna. Umenikera kweli.

Teetor alikuwa akiendeshwa na wakili wake. Wakili akiongea, gari linapunguza mwendo; akinyamaza kusikiliza, linaongeza mwendo. Abiria mwenye macho angetazama zake nje. Teetor alilisikia mwilini: mgongo unasukumwa, unaachiwa, unasukumwa tena. Kwake hiyo ilikuwa hitilafu, na hitilafu hutengenezwa. Tena angalieni alivyoitengeneza. Dereva anachagua mwendo anaoutaka. Akiufikia, pedali ya mafuta inaanza kumgomea, inausukuma mguu wake juu. Hana haja ya kukodolea macho mshale wa spidi, unyayo unamwambia. Hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ilitoka 1950, na kampuni ya Chrysler wakakiweka kifaa hicho kwenye magari yao ya 1958. Hapo "licha ya" inakaa wapi? Wazo limeanzia kwenye kuhisi, likaishia kwenye kuhisi.

Na hakuanzia hapo. Wakati wa Vita vya Kwanza alishughulikia rota, yaani sehemu zinazozunguka, za turbini za manowari za Marekani. Rota ikizidi uzito upande mmoja, hata kidogo tu, ikishika kasi mtambo unatetemeka mpaka unajiharibu. Teetor alibuni njia ya kuzisawazisha, vidole vyake ndivyo vikimwongoza. Mwaka 1936 wahandisi wa magari walimfanya rais wa chama chao. Wale hawakuwa wakimwonea huruma.

Haya, nakubali shingo upande: alibebwa na mazingira. Kwao kulikuwa na kiwanda, hicho kilichokuja kuwa Perfect Circle cha ringi za pistoni, na karakana ilikuwa karibu. Watoto wangapi wasioona hawajawahi hata kukabidhiwa bisibisi? Hilo linaniuma kuliko ujumbe wenyewe, kwa sababu yeye alipoteza macho kwa ajali ya kisu akiwa na miaka 5, na bado nyumbani hawakumficha zana. Alipofika miaka 12, yeye na binamu yake walikuwa wameshaunda gari, na lilitembea.