Kioo cha kinyozi wa Mbuyuni

Watu wa nyumbani wakinipigia huniuliza huku London nakula nini. Hakuna anayeuliza najiangalia wapi, na hilo ndilo linalonisumbua.

Miaka michache iliyopita nilikata tiketi Tate Modern, jumba la sanaa la huku, niingie chumba cha vioo cha Yayoi Kusama, yule mama msanii wa Kijapani aliyekijenga cha kwanza New York mwaka 1965. Tukaingizwa wachache wachache, mlango ukafungwa. Taa ndogondogo zinaning'inia, chini maji, kuta zote vioo. Ukigeuka unajikuta umekuwa umati. Kama dakika mbili hivi, haya, tokeni, zamu ya wengine. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mtu na simu yake.

Wajuzi husema sanaa ya namna hii haikamiliki bila mtazamaji. Nakubali. Lakini aisee, hilo nililijua zamani nikiwa kwa kinyozi, Mbuyuni, Moshi. Kioo mbele, kioo nyuma, kichwa chako kinajirudia mpaka kinapotelea mbali, na benchi zima linakutazama humo humo. "Mangi, hapo juu ya sikio mashine imepanda." "Mwache, hicho ni kichwa cha baba yake." Kinyozi analisikiliza benchi kuliko wewe mwenye kichwa. Au nenda mitumba ya Memorial, ujaribu koti mbele ya kipande cha kioo kilichofungwa kwenye nguzo. Mpita njia mwenye nyanya zake kapuni (hata hauzi nguo!) atasimama akuambie limekubana.

Sisemi haiumi. Likizo iliyopita benchi lilinitangazia upara kabla sijauona mwenyewe, nikanuna hadi Majengo. Huku hakuna aliyewahi kuutaja. Nilidhani ni adabu. Siku hizi nadhani hawajauona.

Ila kuna msanii aliyewapata hata hawa. Mwaka 2003, Tate hiyo hiyo, Olafur Eliasson alipanga taa za njano nusu duara, akaweka vioo dari nzima, vikaimalizia ile nusu ikawa jua kamili. Walipita watu zaidi ya milioni mbili. Wakawa wanalala sakafuni kujitafuta huko juu, wanajipungia mikono, wengine wanajipanga miili iwe herufi. Na kuingia ilikuwa bure! Mimi wakati huo nilikuwa bado Moshi, kwenye benchi.

Desemba narudi. Kinyozi nimeshamwambia aniwekee nafasi Jumamosi, siku ambayo benchi linajaa.