Futari naila kwenye daladala mpaka lini?

Hivi jamani ni mimi tu au? Leo Ramadhani ya 14, futari na wanangu nimekula mara mbili. MBILI! Na moja ilikuwa Jumapili.

Ofisini kwetu kazi za mwaka mzima zimeusubiri mwezi huu. Saa 10 jioni begi liko begani, bosi anachungulia mlangoni, "tukae dakika 5 tu." Dakika 5 gani hizo zinazofika saa 11 na nusu? Yeye kwake Upanga hapo, anatembea anafika, sisi wa Gongo la Mboto je? Flaiova ya Tazara tunayo tangu 2018, sawa, tunaruka vizuuuri halafu tunaenda kuganda mbele, dereva kazima injini kabisa, adhana inalia tupo Vingunguti na mimi nina tende tatu kwenye leso nagawana na konda, jirani ananipa maji ya chupa ya moto kama chai. Ndo futari hiyo!

Nafika saa 2 usiku nakuta bakuli limefunikwa sahani, magimbi yamepoa mpaka tui limeganda kama mshumaa, uji umeshika utando, mama watoto kasinzia mkekani. Kitinda mimba wangu ananiangalia, eti "baba, kwani wewe huwa unafuturu kwa nani?"

Nimjibu nini? Kwa konda?

Wenzangu wa Mbagala na Kibamba, nyie mnafika saa ngapi au mmeshahamishia hotpoti ofisini?